Redio ya setilaiti nyumbani Nyanda za Juu Kusini: nani anunue, nani aache

Kwanza tujue kinachouzwa ni nini. Mtu akisema "redio ya setilaiti" anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu visivyofanana hata kidogo, na ukivichanganya utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kipo kifaa cha Marekani, SiriusXM. Ni huduma ya kulipia kila mwezi iliyotokana na kuungana kwa kampuni mbili, Sirius na XM, mwaka 2008. Huko kwao watu hubishana kama inafaa kulipiwa kwa ajili ya kusikiliza nyumbani au ibaki kwenye gari. Kwa mtu wa Mbeya au Iringa ubishi huo hauna kazi. Setilaiti zake zimekaa upande wa Amerika Kaskazini, na ukiwa hapa ziko chini ya upeo, dunia yenyewe imezikinga. Jamaa wa ughaibuni akikuletea kifaa chake kama zawadi, hata ukipanda nacho kilele cha Loleza hakitashika kitu.

Kipo pia kile ambacho wazee wa redio bado wanakikumbuka kwa mapenzi: WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Setilaiti yake ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998 na kuwekwa juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 21 mashariki, ikitazama bara la Afrika. Redio zake zilikuwa ndogo za mezani, na antena yake ilikuwa kibapa cha kuweka dirishani. Hapo ndipo wengi walipoonja redio ya dunia isiyo na mikwaruzo. Kampuni ilifilisika mwaka 2008 na matangazo yakazimwa baadaye. Redio zake bado huonekana kwenye meza za mitumba, zikiwa na maandishi ya setilaiti usoni, na muuzaji hupandisha bei kwa sababu ya maandishi hayo. Hakuna fundi wala programu itakayoyarudisha matangazo yale. Baadhi ya redio hizo zina FM na masafa mafupi. Ukiipenda, inunue kwa bei ya redio ya kawaida iliyotumika.

Cha tatu ndicho kinachofanya kazi, na ndicho tunachokipima hapa: chaneli za redio zinazosafiri pamoja na televisheni kwenye dishi na king'amuzi. Wenye dishi wengi wanazo tayari na hawajawahi kuzifungua.

Sababu ya kuzifikiria kwa uzito katika ukanda huu ni milima. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapindi kufuata bonde. Kijiji kilicho nyuma ya safu ya Uporoto, kwenye mikunjo ya Makete au mabondeni Ludewa, kinaweza kuwa karibu na mnara kwa ramani na bado redio ikakwaruza mchana kutwa, kwa sababu kati yake na mnara kuna mlima. Setilaiti haina shida hiyo, maana iko juu. Ile ya nyuzi 7 mashariki, ambayo Azam TV huitumia, ukiwa Mbeya inaonekana kwenye mwinuko wa nyuzi 57 hivi kutoka usawa wa ardhi. Iringa ni nyuzi 55 na Songea 54 na nusu. Ni milima michache sana itakayokuzibia pembe kali kiasi hicho. Hata Matema, ambako milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, ukuta huo uko mashariki na dishi linatazama magharibi.

Miti ndiyo huziba, tena sana. Hesabu yake ni rahisi: kwa mwinuko huo, kila mita moja ya umbali inaruhusu mti kuzidi dishi kwa mita moja na nusu. Mti wa mlingoti (mkaratusi) uliozidi dishi kwa mita 15 usiwe karibu zaidi ya mita 10 upande ule dishi linakotazama. Kwa Mufindi na Njombe, ambako mipaini na milingoti hupandwa mpaka ukutani, kumbuka kwamba mti unakua. Dishi lililofungwa leo likipitisha jicho juu ya miche litazibwa miaka michache ijayo, na mwenye nyumba ataanza kuilaumu kampuni ya king'amuzi.

Sasa tuje kwenye ufungaji, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Nguzo ikae wima kabisa. Ipime kwa timazi au pima maji pande mbili, si upande mmoja. Nguzo ikiinama, vipimo vyote vya juu yake vinadanganya. Mwelekeo wa setilaiti ya nyuzi 7 ukiwa Mbeya ni magharibi, kisha unapinda nyuzi 17 kuelekea kaskazini, yaani 287 kwenye dira. Kwa Iringa ni 284 na kwa Songea ni 289. Ukitumia dira ya simu, simama hatua kadhaa mbali na bati na nondo, vinginevyo sindano itavutwa. Usishangae dishi likionekana limeinama chini kuliko nyuzi 57. Madishi haya ya sentimita 60 na 90 yametengenezwa kupokea kwa pembe, hivyo uso wake hautazami moja kwa moja kule mawimbi yanakotoka.

Kosa linalowatesa mafundi wengi wa ukanda huu ni LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Ulaya hukizungusha kidogo tu. Sisi tuko karibu na ikweta na setilaiti iko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo kichwa kinatakiwa kizungushwe kama nyuzi 70 kutoka kwenye wima wake, karibu robo ya mzunguko. Iringa ni 74. Fundi aliyezoea kukifunga wima kama kilivyotoka kwenye boksi ataona kitu cha ajabu kwenye skrini: nguvu iko juu, ubora uko sifuri au unarukaruka. Atahangaika na dishi saa nzima wakati dishi liko sawa. Nguvu huonyesha tu kwamba LNB ina umeme na inapokea kelele fulani. Ubora ndio unaoonyesha kama mawimbi unayoyataka yamefika. Legeza skrubu ya LNB, izungushe polepole upande mmoja macho yakiwa kwenye ubora, kisha upande wa pili, na ubane pale ubora unapofika kilele.

Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ya DStv, ni hadithi tofauti: ukiwa Mbeya iko karibu utosini, nyuzi 79, ikielekea kaskazini kidogo. Miti huwa si tatizo tena, ila uso wa dishi unatazama juu kiasi kwamba vumbi, majani na kinyesi cha ndege hutulia humo. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, usikwangue.

Ukishapata mawimbi, kuna nini cha kusikiliza? Hapa ndipo tunapomwomba msomaji awe mkali kabla ya kutoa hela. Kwenye rimoti ya king'amuzi tafuta kitufe kilichoandikwa TV/RADIO, au ingia kwenye menyu ya chaneli uchague orodha ya redio. Fanya hivyo dukani au kwa jirani mwenye king'amuzi kilekile, na upitie chaneli moja moja ukisikiliza, maana orodha hubadilika na majina mengine hubaki hata sauti ikiwa imeondoka. Uliza pia kifurushi kikiisha redio zinabaki au zinakatwa. Usikubali jibu la mdomo. Tafuta king'amuzi ambacho kifurushi chake kimekwisha na ukione kwa macho yako.

Na usitarajie kukuta humo redio ya wilaya yako. Kukodi nafasi kwenye setilaiti ni gharama, na redio ndogo nyingi za mikoani hazina sababu ya kuilipia wakati mnara wao unawafikia wasikilizaji wao. Kama unachokitaka ni tangazo la msiba wa mtaa wa pili, bei ya viazi Uyole au habari kwamba daraja la huko kwenu limekatika, hiyo ni kazi ya Bomba FM pale Mbeya, Ebony FM pale Iringa na wenzao. Setilaiti inakupa redio za kitaifa, muziki, dini na sauti za kutoka mbali. Kwa nyumba nyingi tunazozifahamu redio ya karibu ina thamani kubwa kuliko hizo zote, na ndiyo maana hatuoni busara mtu kununua dishi jipya kwa ajili ya redio peke yake kama FM yake inashika vizuri.

Sauti yenyewe ni nzuri. Haina mikwaruzo, haiyumbi lori likipita barabarani, na usiku haivamiwi na stesheni nyingine kama masafa mafupi. Kasoro yake ni ya tabia ya dijitali: ama inasikika safi, ama inakatakata kisha kimya. Kingine, inachelewa. Mawimbi yanapanda takriban kilomita 36,000 na kushuka tena, safari ya karibu robo sekunde, halafu mitambo ya kubana na kufungua sauti huongeza sekunde kadhaa. Kwa hiyo usipange saa yako kwa mlio wa redio ya setilaiti, na siku ya mechi jirani mwenye FM atashangilia bao kabla yako.

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya LNB, ni kusikiliza redio huku televisheni inawaka. Televisheni ya inchi 32 hula kama wati 40, king'amuzi hula kama wati 12. Kwa saa sita kila siku, vyote viwili ni yuniti 9 na ushee kwa mwezi, na king'amuzi peke yake ni yuniti 2 na kidogo. Toa sauti moja kwa moja: chomeka waya mwekundu na mweupe nyuma ya king'amuzi, upeleke kwenye sabufa au redio yenye tundu la AUX, kisha uzime televisheni. Ule wa njano ni wa picha, uache. Kama king'amuzi chako hakina matundu hayo na kina HDMI tu, utahitaji kifaa kidogo cha kutenganisha sauti, na hapo uzuri wa jambo unaanza kupungua. Andika namba za chaneli za redio kwenye karatasi ubandike ukutani, maana bila picha utakuwa unabonyeza gizani. Ving'amuzi vyenye namba zinazowaka usoni ni bora kwa kazi hii kuliko vile vyenye taa moja tu.

Wanaotumia sola watazame kibandiko cha adapta. King'amuzi kinachotumia volti 12 kinaweza kula moja kwa moja kwenye betri bila inveta, na inveta yenyewe hupoteza umeme. Lakini betri ikiwa inachajiwa hufika volti 14 na zaidi, kwa hiyo weka kidhibiti cha kushusha mpaka 12, la sivyo siku moja ya jua kali itakiua. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 50, ukiitumia nusu ili idumu, inakupa kama wati-saa 300. King'amuzi na sabufa ndogo ya wati 10 kwa saa sita vinakula 132. Redio ya kawaida ya FM ya wati 3 inakula 18. Tofauti hiyo ni kubwa kwa nyumba ambayo betri hiyohiyo inawasha taa na kuchaji simu.

Mvua sasa. Mawimbi ya madishi haya madogo yako kwenye gigahezi 11 na 12 hivi, na matone makubwa huyameza. Tukuyu na sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huko redio ya setilaiti itanyamaza mara kwa mara kati ya Novemba na Mei, dakika kadhaa kila wingu zito linapopita. Ukungu wa Kitulo au Mufindi, hata ukiwa mzito wa kutoona ng'ombe zizini, hauzuii kitu, kwa sababu matone yake ni madogo mno. Kwa hiyo fundi akikuambia "ni ukungu huo", tafuta tatizo kwingine. Dawa ya mvua ni ukubwa wa dishi. Lile la sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya lile la 60, na kwa mtu wa Rungwe, Busokelo au Kyela tungesema asinunue la 60 kabisa. Kwa Iringa mjini au Usangu la 60 linatosha. Ubaya wa dishi kubwa ni kwamba jicho lake ni jembamba, hivyo linahitaji kulengwa kwa makini na kufungwa imara zaidi dhidi ya upepo.

Kuna ukimya mwingine ambao hutokea hata mbingu ikiwa nyeupe. Siku chache kila mwaka, kuelekea mwisho wa Machi na tena baada ya katikati ya Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele yake huyafunika mawimbi. Kwa setilaiti ya nyuzi 7 ukiwa Mbeya hutokea karibu na saa tisa kasorobo mchana, kwa dakika chache, kisha kila kitu kinarudi chenyewe. Wengi hupanda kwenye bati siku hizo na kuharibu dishi lililokuwa sawa.

Yanayoharibika baada ya mwaka mmoja au miwili karibu yote huanzia kwenye maji. Maji huingia kwenye konekta nyuma ya LNB, yanatembea ndani ya kebo, shaba inageuka kijani na ubora unashuka taratibu. Tumia kebo ya RG6, funika konekta kwa kofia yake ya mpira na silikoni, na kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie kitanzi kidogo ili maji yadondoke hapo badala ya kuifuata ndani. Radi ni kali ukanda huu, hivyo nguzo iwe na waya wa ardhini, na wingu likianza kunguruma chomoa umeme pamoja na kebo ya dishi. Kuchomoa umeme peke yake hakutoshi.

Intaneti inashindana vipi? Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Ukisikiliza saa nne kila siku ni GB 3.5 kwa mwezi, na kwa kilobiti 128 ni karibu GB 7. Anayesikiliza nusu saa ya habari jioni asihangaike na dishi, simu inamtosha, na huko atapata hata redio za mikoani zilizojiweka mtandaoni. Anayewasha redio alfajiri na kuizima usiku, dishi litamlipa, hasa kama mtandao wa kijijini kwake hutetereka.

Hukumu yetu basi iko hivi. Dishi likiwa tayari juu ya bati, fungua orodha ya redio leo hii, nunua waya wa sauti, utakuwa umepata redio nzuri karibu bure. Ukiwa mahali ambapo FM haifiki kabisa na data ni shida, nunua dishi na king'amuzi bila wasiwasi, kwanza televisheni itakuja humohumo. Ukiwa mahali ambapo FM inafika kwa kukwaruza, usinunue dishi kabla hujajaribu waya. Chukua kebo ya zamani ya televisheni, ondoa ganda, unganisha waya wa katikati na kipande cha waya wa shaba cha sentimita 73, na wavu wa nje na kipande kingine cha urefu huohuo. Vipande viwili vielekee pande tofauti kwa mstari mmoja, vifunge kwenye mwanzi mrefu kuliko bati, na kebo iingie kwenye redio. Jaribu kuvilaza na kuvisimamisha, uone kipi kinashika zaidi. Mara nyingi hicho tu kinamaliza shida, kwa gharama ya waya.

Na kwa anayefunga dishi, kabla hujamlipa fundi mwambie akuachie skrini ya ubora ikiwa wazi. Kwa kidole kimoja sukuma ukingo wa dishi kidogo sana kulia, kisha kushoto, kisha juu, kisha chini. Kwenye dishi la sentimita 60, sentimita moja ukingoni ni kama nyuzi mbili angani. Ubora ukishuka kila upande unaosukuma, dishi liko kileleni. Ukipanda upande wowote, hajamaliza kazi, na mvua ya kwanza ya Novemba italinyamazisha. Ashike tena spana.